Shahada ya Historia na Mizani ya Gharama: Mtazamo kutoka Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita hukaa kikao. Kijana amefaulu vizuri Historia, Jiografia na Kiswahili, naye anataka kwenda chuo kikuu kusoma Historia. Wazee humuuliza swali moja tu: baada ya hapo atakula nini? Wanataaluma aghalabu hulipuuza swali hilo, wakiliona kuwa ni la mtu asiyejua thamani ya elimu. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni halali, na kwamba anayeliuliza anastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kaulimbiu. Hata hivyo, hesabu inayofanywa kwa kawaida ina kasoro mbili: hupima shahada kwa ajira ya kwanza tu, na hupima mgodi kwa mshahara wa leo tu.

2.0 Gharama Halisi ya Shahada

Sera ya uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu ilianza kutekelezwa mwaka 1992. Kabla ya hapo serikali ndiyo iliyobeba takriban gharama zote za mwanafunzi. Baada ya Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 kuunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, shahada ikawa, kwa watoto wengi wa wakulima na wafugaji, jambo linaloanza kwa deni. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiriwa mwenye deni hilo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Ni kweli kwamba mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, na mzigo ukapungua. Lakini deni lenyewe lilibaki.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonyesha uzito wake. Mhitimu anayedaiwa shilingi 10,000,000, na ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 700,000, atakatwa shilingi 105,000 kila mwezi. Atamaliza deni baada ya karibu miaka minane ya kazi. Mfano huo unachukulia kwamba ameajiriwa mara tu alipohitimu, jambo ambalo kwa walimu wa masomo ya sanaa limekuwa nadra. Kwa miaka kadhaa sasa ajira za ualimu serikalini zimewapa kipaumbele walimu wa sayansi na hisabati, na miongozo ya mikopo nayo imeelekea huko huko. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, ulilenga wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi. Kijana wa Historia hana budi kuelewa kwamba anaingia katika njia ambayo dola haikuipa kipaumbele.

Aidha, ipo gharama isiyoandikwa katika fomu yoyote. Pale mkopo usipotosheleza, familia ya Kishapu huuza ng'ombe, na familia ya wakulima huuza pamba au mpunga. Ng'ombe aliyeuzwa hazai tena katika zizi la mwenyewe. Vilevile, miaka mitatu ya chuo ni miaka mitatu ambayo kijana hakulima, hakufanya biashara wala hakuingia katika maduara ya Nyarugusu au Mwakitolyo, walikokwenda vijana wa rika lake.

3.0 Umri wa Ajira ya Mgodi

Upande wa pili wa mizani huwekwa dhahabu. Inasemwa kwamba penye migodi, mwenye akili husomea ufundi wa mitambo au uhandisi. Rai hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika, na kinachoikamilisha ni historia yenyewe.

Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulianza kazi miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa tena mahali hapo mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukoma mwaka 2021. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza Kahama mwaka 2009, akasoma bila kurudia darasa, alimaliza kidato cha sita mwaka 2022. Mgodi ulizaliwa na kufa kabla yeye hajavua sare ya shule.

Mfano huu haupingi masomo ya ufundi. Mhandisi anaweza kuhamia mgodi mwingine, na wengi huhama. Lakini unaonyesha kwamba mshahara wa mgodi ni mali yenye umri, na kwamba anayeulinganisha na shahada kwa kuangalia mwezi mmoja wa mshahara analinganisha vitu visivyolingana.

4.0 Kazi ya Historia katika Ukanda wa Madini

Swali linalobaki ni iwapo historia ina kazi yoyote Shinyanga na Geita nje ya darasa. Mifano mitatu inatosha kuonyesha kwamba inayo.

Mfano wa kwanza ni ardhi. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Mabishano juu ya kilichotokea, juu ya idadi ya watu waliokuwapo na juu ya haki zao yaliendelea kwa miaka mingi, hata yakafika kwa mkaguzi wa malalamiko wa Kundi la Benki ya Dunia. Mwezi Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji jirani. Katika mambo ya namna hii, swali la fidia hugeuka upesi kuwa swali la historia: nani alikaa wapi, tangu lini, na kwa haki gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila. Lakini haki hiyo huthibitishwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu zisizokusanywa kwa utaratibu huwa dhaifu mbele ya ramani ya kampuni.

Mfano wa pili ni mazingira. Wakati wa ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kupambana na mbung'o, na kilimo cha pamba kikaendeleza ufyekaji huo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Matunda yake makubwa yalitokana na kufufuliwa kwa ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi, desturi ambayo uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 ulikuwa umeivuruga. Hapa ujuzi wa mambo ya kale ulileta majani, kuni na maziwa.

Mfano wa tatu ni utawala. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto wa rangi lililoletwa na serikali ya kikoloni. Leo sheria ya madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka migodi kuandaa mipango ya wajibu kwa jamii pamoja na halmashauri. Halmashauri isiyojua jinsi watu wake walivyowahi kudai kusikilizwa, na walivyofanikiwa au kushindwa, huenda kwenye meza hiyo mikono mitupu.

5.0 Kasoro za Shahada Yenyewe

Pamoja na hayo yote, ni udanganyifu kumwambia kijana kwamba shahada ya Historia kama inavyofundishwa humtayarisha kwa kazi hizo. Sehemu kubwa ya masomo hayo hutolewa kwa Kiingereza na kupimwa kwa insha ya mtihani. Mhitimu anaweza kumaliza bila kupanga faili la nyaraka, bila kurekodi masimulizi ya mzee hata mmoja, na bila kuweza kuandika kwa Kiswahili fasaha yale aliyoyasoma.

Hali haikuwa hivyo daima. Idara ya Historia ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilijipatia jina kwa kuwasikiliza wananchi. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wake walikwenda kukusanya masimulizi ya wazee walioikumbuka Vita ya Majimaji. Utaratibu huo unahitajika sasa katika ukanda wa madini. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966 sasa ni mzee wa karibu miaka 80. Waliofanya kazi Mwadui wakati wa uhai wa John Williamson, aliyefariki mwaka 1958, ni wakongwe zaidi. Kila mwaka unaopita hupunguza mashahidi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Somo hilo linahitaji vitabu, istilahi na walimu. Mhitimu anayeweza kuchambua waraka wa Kiingereza, kumhoji mzee kwa Kisukuma, na kuandika matokeo kwa Kiswahili sanifu ana ujuzi ambao si wengi walio nao.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba shahada ya Historia inastahili gharama yake kwa masharti. Kijana aliyepata mkopo wa kutosha, na ambaye ataiunganisha Historia na Kiswahili, ualimu, sheria au utunzaji wa nyaraka, hafanyi kosa kuichagua. Kijana ambaye hakupata mkopo, na ambaye familia yake italazimika kuuza ng'ombe wa mwisho, ana sababu nzuri ya kusubiri au kupita njia nyingine kwanza. Kumhimiza aende ni kumtwisha mwingine gharama za imani yako.

Lakini si haki kumwachia kijana peke yake mzigo wa kuthibitisha thamani ya somo. Vyuo vikuu vina wajibu wa kuwapeleka wanafunzi kwenye nyaraka na kwa wazee. Halmashauri za ukanda huu, zinazopokea fedha za migodi, zina wajibu wa kuajiri watunza kumbukumbu na watafiti. Dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui zimechimbwa kwa vizazi kadhaa, na nyingi imekwenda mbali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana anayetaka kulishika daftari hilo asionekane mpumbavu kwa kuuliza malipo yake.