Kabla ya kuvunja dushi la zamani

Mwezi huu tuongee juu ya chumba kile ambacho hakuna mutu anapenda kuonyesha wageni: dushi na choo.

Nyumba nyingi za makambi yetu, Likasi, Kolwezi, Kipushi, Kambove, ni za wakati wa Union Minière ao za miaka ya kwanza ya Gécamines. Kuta zake zingali nguvu. Lakini mabomba ni ya chuma. Kwa nje unaliona bomba zima, kumbe ndani kutu imelijaza, maji yanapita kama kwa tundu la sindano. Zamani fundi wa kambi alikuwa anaitwa, anakuja na mufuko wake wa vyombo. Miaka ya 1990 hayo yaliisha, kila mutu akabaki na choo chake na akili yake.

Akili yangu mimi haikutosha. Niwaambie namna ilivyokuwa. Mwaka 2011, wakati wa jua, nilipokea zamu yangu ya likelemba, na juu yake kodi ya kachumba kadogo tulichopangisha mu lupango. Nilikuwa nimeona makaro meupe kwa ndugu yangu, yakaniingia rohoni. Siku ya posho nikaita fundi mumoja. Akaangalia chumba kwa dakika tano, akataja bei kwa mdomo, nikakubali kwa mdomo. Saa sita ya muchana, dushi la zamani lilikuwa mavumbi tu. Bibi yangu akarudi toka soko, akasimama na kitunga chake kichwani, akaniuliza: « Baba, na sasa tutaoga wapi? »

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo swali la kwanza la hesabu, nami sikuliandika.

Chini ya sima tulikuta bomba la maji machafu limepasuka. Miaka mingi lilikuwa linanyweshea musingi wa nyumba. Shimo lenyewe lilikuwa limejaa. Feza yangu ilikuwa ya makaro, haikuwa ya shimo. Juma la tatu fundi akaniambia: « Patron, sima imekwisha », na makuta pia yalikuwa yamekwisha. Mwezi wa 9 masomo yakafunguliwa. Kulikuwa na mukebe wa minervali. Niliufungua usiku, bibi yangu akinitazama, hakusema neno. Mutoto wetu wa kike alikuwa na miaka 14. Alirudishwa nyumbani mara mbili sababu ya minervali ile, na kwa miezi mitano alikuwa anavuka barabara usiku na kido cha maji kwenda choo cha jirani. Mama yake anamufuata nyuma na tochi. Mimi nilikuwa nabaki ndani nasikiliza mpaka mlango unafungwa tena.

Basi sasa, wewe unayefikiri kutengeneza chako, chukua kwanza daftari ya masomo na kalamu. Nyundo uiache.

Anza kwa kile ambacho jicho haliona. Funga marobinet yote ya nyumba, enda uangalie kontere ya maji. Kama ingali inazunguka, kuna mahali panapovuja. Kwa choo cha kuvuta maji, mwaga chai nzito ndani ya sanduku la maji, usivute kwa nusu saa: ukiona rangi chini ndani ya bakuli, unapoteza maji mchana na usiku. Halafu chimba pembeni ya nyumba, mahali bomba la machafu linapotokea, uone hali yake. Siku moja ya kuchimba ingaliniokolea mimi mukebe ule.

Shimo nalo ulipime. Kama munakunywa maji ya kisima, shimo likae mbali nacho, si chini ya metri 30, na sakafu ya shimo ibaki juu ya maji ya udongo kwa metri 2 hivi. Upime maji ya kisima mwezi wa 3 ao wa 4, kwani ndipo yanapopanda sana. Ukipima mwezi wa 9 utajidanganya, maji yako chini. Mutu asiseme nazidisha. Mwaka 2008 kolera iliingia Lubumbashi na Likasi, na wenye kukumbuka mwaka ule hawawezi kucheka shimo la choo.

Mabomba mapya: PVC ya milimetri 110 kwa choo, ya 50 kwa dushi. Kila metri moja bomba lishuke santimetri 2 hivi. Likilala sawa, uchafu unabaki ndani na utaziba. Sakafu ya dushi pia ishuke kidogo kuelekea tundu, na chini ya tundu pawe sifoni, la sivyo harufu ya shimo itakula pamoja nanyi mezani. Vitu hivi vyote hakuna mugeni atavisifu. Lakini vilipiwe kwanza, na kama feza yako inatosha kwa hivi tu, fanya hivi tu, usugue sima juu yake vizuri, uoge.

Sasa makaro, sababu najua vijana munangoja makaro. Tuchukue chumba cha metri 2 kwa metri 1 na nusu. Chini ni metri 3 za mraba. Kuzunguka kuta ni metri 7. Ukipandisha makaro mpaka metri 1 na nusu unapata 10 na nusu, toa mahali pa mlango, inabaki 9 na nusu hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yale yatakayokatwa ao kuvunjika. Tuseme boksi moja inafunika metri 1,44, ingawa utasoma mwenyewe juu ya boksi, haziko sawa zote. Utahitaji 3 za chini na 8 za ukuta, jumla 11. Lakini ukiweka makaro tu kwenye pembe ya dushi, metri 1 kila upande na kimo cha metri 1,80, ukuta unaomba boksi 3. Jumla 6. Kuta zingine zisuguliwe sima na kupakwa rangi ya mafuta. Umeokoa boksi 5, na gundi yake, na siku za fundi. Mimi naona hivyo inatosha kwa nyumba ya watu wa kazi. Bibi yangu haoni hivyo, lakini yeye ndiye anayesugua kuta, ana haki ya kusema.

Makaro ya chini yawe ya kukwaruza. Yale ya kung'aa ni mazuri dukani. Nyumbani, yakilowa na sabuni, mama mukubwa wa nyumba ataanguka. Tena nunua yote siku moja, namba ya rangi iwe moja juu ya maboksi yote. Ukirudi nyuma ya miezi miwili kutafuta boksi moja iliyokosa, rangi itakuwa ya ndugu yake.

Watu wengi wanaweka feza kidogo kidogo, na feza iliyo nyumbani ina miguu. Kwa hiyo ununue vitu kila mwezi: mwezi huu mabomba, mwezi ujao lavabo. Haviozi. Sima ndiyo usinunue mapema. Ikikaa miezi mitatu nguvu inapungua, na ikishika unyevu inakuwa jiwe. Ikiwa inabidi ikae, ilale juu ya mbao, mbali na ukuta. Vitu vingi vya kenkayeri vinapita Kasumbalesa na bei yake inafuata dola, hivyo bei uliyoandika mwezi wa 5 uiulize tena mwezi wa 7 mbele ya kuanza.

Kisha andika vile ambavyo watu wanasahau: pusupusu la kubeba mchanga, la kutupa mavunjiko, maji ya kununua siku robinet imekauka, bukari ya fundi na ya musaidizi wake. Ukimaliza jumla yote, gawanya feza uliyo nayo mafungu matano. Moja usiliguse. Kama hesabu haiingii ndani ya manne, punguza kazi, ao ngoja.

Fundi naye aandike. Jina la kazi, siku, bei. Vitu ununue wewe mwenyewe, umulipe kila kipande kikiisha: mabomba, halafu sakafu, halafu makaro. Mbele ya kufunika mabomba, mwagieni ndoo tano za maji kwa mara moja, muangalie viungo vyote muki mumeinama wote wawili. Fundi muzuri hatakasirika. Sakafu ya sima ilowanishwe juma zima, usikubali makaro yawekwe kesho yake.

Na usivunje choo cha zamani mbele ya kujua watoto wataenda wapi. Kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na shimo dogo na mlango unaofungwa kwa ndani, kinagharimu kidogo. Kiandike juu kabisa ya daftari.

Mutoto yule wa miaka 14 leo ni mama na nyumba yake, nayo ni ya kambi. Mwezi uliopita alinileta daftari yake tuisome pamoja. Kibanda ni mstari wa kwanza. Bukari ya fundi imo. Anakosa bado feza ya bomba la 110 na mifuko mitatu ya sima, mvua nazo ziko karibu, kwa hiyo amesukuma kazi mpaka wakati wa jua. Bwana yake alitaka kuanza siku ya posho.