Jina la Mkubwa Si Kazi ya Polisi

Wasee, hili neno "utalala ndani" tumelizoea sana. Hapa Kikima uliza tu kwa grupu ya WhatsApp pesa za barabara zilienda wapi, na lazima kuna mtu atakwambia ufute kabla hujashikwa kwa kumharibia mheshimiwa jina. Wengi wetu hufuta.

Usifute haraka. Tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alisema kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hicho ndicho kilifanya kumharibia mtu jina liwe kosa la jinai. Na kesi ilitokana na posti za Facebook, si gazeti. Tangu hapo, aliyeharibiwa jina anaenda kortini kudai fidia. 

Vita hii ni ya kitambo. Marekani mwaka wa 1960, watu waliomuunga mkono Martin Luther King walilipia tangazo kwa New York Times kuhusu mateso ya Weusi. Lilikuwa na makosa madogo. Kamishna mmoja wa Montgomery, L. B. Sullivan, hata hakutajwa jina, lakini alishtaki na korti za Alabama zikampa dola 500,000. Mwaka wa 1964 Mahakama ya Juu ikatupa hukumu hiyo. Ikasema afisa wa umma lazima athibitishe ulijua ni uongo, ama hukujali kama ni ukweli. Bila hivyo, gazeti gani lingethubutu kuandika tena?

Kwetu sheria ilibadilika, tabia ikabaki. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa Homa Bay juu ya posti kuhusu afisa mkuu wa polisi. Akapelekwa Nairobi. Kesho yake alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Wakasema aligonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza mwili wakakataa hiyo stori.

Na tusijidanganye, ukiposti uongo bado unaweza kushtakiwa ulipe. Mtu ana miezi 12 ya kufungua kesi. So hakikisha kwanza, weka picha na tarehe, na ukikosea rekebisha mapema.

Lakini swali kuhusu pesa za umma si matusi kwa mtu. Mheshimiwa akiona ameonewa, ajibu kwa grupu ama aende kortini kama raia mwingine. Wewe unaonaje?