Keki Yenye Sura ya Posho na Maharagwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoligawa darasa letu la S.6 muhula huu. Mama yetu, mpishi mkuu wa shule, atimiza miaka 60 mwezi ujao. Amepika katika jiko letu kwa miaka 31, na wako miongoni mwetu ambao baba zao pia walipakuliwa chakula na mkono wake. Sote tumekubaliana kumpa keki. Tusilokubaliana ni sura yake. Wenzetu wengine wataka keki nyeupe yenye mawaridi ya sukari, kama zile za harusi. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, twataka keki ambayo mtu akiiona ataapa kwamba ni sahani ya posho na maharagwe. Kura itapigwa mwisho wa mwezi. Nataka hoja zetu zisikiwe kabla ya siku hiyo, maana bwenini zimezimwa kwa kicheko.

Kwanza, wasomaji wasidhani kwamba mchezo huu ni upuuzi ulioanza jana. Mwaka 1769 mama mmoja wa Kiingereza, Elizabeth Raffald, alitoa kitabu cha mapishi ambamo alifundisha namna ya kutengeneza mayai na nyama ya nguruwe, na kumbe vyote ni maziwa matamu yaliyogandishwa na kutiwa rangi. Huko Palermo, katika kisiwa cha Sicily, mna matunda mashuhuri yaliyofinyangwa kwa lozi na sukari, nayo yaitwa kwa jina la nyumba ya watawa ya Martorana. Mwaka 1969, mjini Mannheim, Ujerumani, Dario Fontanella alikamua aiskrimu katika chombo cha kutengenezea tambi, akaimwagia mchuzi mwekundu wa stroberi mahali pa nyanya. Husimuliwa kwamba watoto wa kwanza kuletewa sahani hiyo walilia, kwa kuwa walitaka aiskrimu wakadhani wameletewa chakula cha mchana. Na mwaka 2022 Netflix walianza mashindano ambayo kazi ya waamuzi ni kutambua kipi ni keki na kipi ni kitu chenyewe. Basi sisi hatuzushi jambo. Twaliingiza tu katika jiko letu.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wetu, maana ni watu wa akili na wanastahili jibu.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba keki ya namna hii ni udanganyifu, na chakula si kitu cha kudanganyia watu. Nasema hasha. Uongo na kitendawili si ndugu. Msema uongo huomba usiku na mchana asigunduliwe. Mtega kitendawili humngoja mwenzake agundue, na asipogundua humpa jibu baada ya kudai mji. Keki yetu itakuwa kitendawili kilichotegwa mezani, na kisu ndicho kitakachokitegua. Wale watoto wa Mannheim walilia kwa sababu jibu lilichelewa kufika ulimini. Basi funzo ni moja: kisu kisichelewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sitaki kuipita mbio. Wasema hivi: kumpa mpishi keki yenye sura ya posho ni kumwambia, "Mama, sisi hatukujui wewe ila kwa posho." Wasema ataona tunamcheka, naye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Hofu hii ni ya haki. Lakini naiuliza swali: kwa nini posho iwe tusi? Keki yenye sura ya kuku wa kuchoma isingemchukiza mtu. Tusi haliko katika keki. Limo katika fikira zetu juu ya posho yenyewe.

Neno lenyewe latufundisha. Posho zamani ilikuwa kipimo cha chakula walichogawiwa wapagazi wa misafara, askari na vibarua. Hapa Uganda jina likagandamana na unga wa mahindi uliosongwa, chakula cha mtu asiyeulizwa anataka nini. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, posho ni fedha anazopewa mheshimiwa kwa kuhudhuria kikao, wala sijasikia mheshimiwa akiona haya kuipokea! Jina ni moja, heshima mbili. Sisi tumejifunza kuidharau posho kwa sababu ni ya kila siku. Twaipa majina bwenini ambayo Mhariri hatayachapa. Kisha siku ya sikukuu twataka kumsifu aliyeisonga kwa keki isiyofanana na kitu chochote alichopata kutupikia. Je, hiyo ndiyo heshima? Hiyo ni kumwambia kwamba kazi yake ya miaka 31 yafaa ifichwe siku ya kumsifu.

Tena kuna jambo nililolitambua tulipofanya jaribio dogo siku za likizo, tukiwa vijana wanne nyumbani kwa mmoja wetu. Huwezi kuiga kitu usichokitazama. Tumekula posho kwa miaka sita, lakini tulipotaka kuifinyanga hatukuijua sura yake. Ilitubidi tuipike, tuiweke mezani, tuitazame kama wachoraji. Tuliona kwamba pande lake lina upande laini uliokatwa na ukingo wa sahani, na upande wa mikwaruzo ulioachwa na mwiko. Tuliona kwamba maharagwe yaliyoiva hayalingani: mengine yamepasuka ganda, mengine mazima, mengine yamevunjika yakauzidisha mchuzi uzito. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Nathubutu kusema kwamba anayeidharau posho hajapata kuitazama.

Kwa wanaotaka kujua kazi yenyewe, yaenda hivi. Twachukua unga wa ngano robo kilo, sukari robo kilo, siagi robo kilo, mayai manne au matano, na vijiko viwili vidogo vya hamira ya unga. Hatuna tanuri, basi twaoka katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, juu ya jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Keki ikipoa twaichonga kwa kisu mpaka iwe pande la posho. Ngozi yake nyeupe twaikanda kwa unga wa maziwa, sukari laini na maziwa mazito ya kopo, vyote sawa kwa sawa, kisha twaipitishia mwiko ili mikwaruzo ionekane. Makombo tuliyoyachonga hayatupwi: huchanganywa na siagi na kakao, yakaviringishwa moja moja kuwa maharagwe. Mchuzi ni sukari iliyounguzwa kidogo na kutiwa maziwa. Gharama yake haizidi ile ya keki ya mawaridi, na huenda ikapungua, kwa kuwa mawaridi yananunuliwa mjini na maharagwe yetu hutoka katika makombo.

Hata hivyo mzaha una sheria zake, nami napendekeza nne. Ya kwanza, kila mlaji aambiwe kilichomo kabla ya kutia kinywani, maana wako wenzetu wanaodhurika kwa karanga, kwa maziwa au kwa mayai, na mwili haujui mzaha. Ya pili, tusitumie gelatini tusiyojua asili yake, kwa kuwa nyingine hutolewa katika nguruwe, nasi tuna ndugu Waislamu mezani. Ya tatu, tuwaulize kwa siri wapishi wenzake, ambao wamefanya kazi naye bega kwa bega. Wakisema ataumia moyo, basi shauri letu life hapo hapo, hata tukiwa tumeshinda kura. Mzaha usiomfurahisha anayefanyiwa ni mchezo wa paka kwa panya.

Ya nne ndiyo kubwa, na bila hiyo mimi mwenyewe nitapiga kura ya mawaridi. Siku hiyo Mama asipike. S.6 tuamke saa kumi ya alfajiri, tuwashe kuni, tuchague mawe katika maharagwe, tusonge posho ya shule nzima kwa mikono yetu. Yeye akae kitini na wageni. Mpeni kwanza sahani ya posho ya kweli tuliyoisonga sisi, aihukumu mbele ya watu, kisha mpeni ya pili, ile ya keki. Hapo hakuna atakayesema tunamcheka. Mtu aliyetoka jasho juu ya sufuria ile hawezi tena kumcheka aliyeisonga miaka 31. Na kama posho yetu itakuwa na madonge, kama ninavyoogopa, kicheko kitakuwa chake juu yetu, na ni haki yake.

Kwenu ninyi wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili, wengi wenu mlikula katika mikono ile ile. Mkiwa na neno, mwandikieni Mhariri kabla ya mwisho wa mwezi. Na mkiweza kuchangia kilo moja ya sukari, si lazima mkubaliane nami. Sukari hutumika katika mawaridi pia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wenu,
Mwanafunzi wa S.6