Sikio Likivuma, Mafuta ya Habasoda Yatosha?

Sikio likianza kuvuma, wengi wetu hapa Pwani hukimbilia chupa kabla ya daktari: habasoda, zaituni au kitunguu thomu. Je, zasaidia?

Tusizibeze zote. Mafuta ya zaituni hulainisha nta iliyoganda, na nta ikiziba sikio yaweza kuleta mvumo. Hapo wazee wetu hawakukosea.

Lakini mvumo mwingi chanzo chake ni sikio la ndani, lililochoshwa na umri au makelele. Mafuta hayafiki huko. Huzuiwa na kiwambo cha sikio. Hata vidonge vya ginkgo, vinavyosifiwa sana, vimechunguzwa bila kuonekana faida ya maana. Kinachowapa wengi nafuu ni kifaa cha kusikilizia kwa aliyepungukiwa na usikivu, na ushauri wa kitaalamu wa kuuzoea mvumo.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Sikio linalotoa usaha huenda kiwambo kimetoboka; usitie chochote. Aliyepoteza usikivu ghafla amuone daktari siku hiyo hiyo, asingoje chupa iishe.

Hata hivyo, tusiwalaumu wagonjwa pekee. Madaktari wa masikio ni wachache, na nauli na ada ni mzigo. Kaunti zetu zipeleke vipimo vya masikio hadi kwenye zahanati, na muziki wa matatu upunguzwe. Shirika la Afya Duniani lashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kinga hiyo haiuzwi kwa chupa.