Kode iko wazi, lakini nani anaisoma?



Batu banatuambia: kode wazi haina hatari, kila mtu anaweza kuisoma. Sisi tunauliza: nani anaisoma?

Tukumbuke xz, mwaka 2024. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko ndani ya mashine nyingi sana za Linux. Miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja tu, wa kujitolea, mwenye kuchoka. Mwingine aliyejiita Jia Tan akakuja kama msaidizi, akafanya kazi zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa. Kisha akaficha mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1.

Ujanja ulikuwa wapi? Kipande cha kuuwasha hakikuwa kwenye kode ambayo wote wanaiona. Kilikuwa ndani ya furushi la kupakua na kukompili. Wakati wa configure na make, katika hali fulani, sumu iliingia yenyewe ndani ya maktaba ya liblzma, na kupitia maktaba hiyo ikafika hadi ssh. Andres Freund aliigundua sababu ssh ilichelewa karibu nusu sekunde!

Njo maana tunakataa kuwa batu ba kubonyeza tu. Tujifunze kukompili. Tuandike majina ya kila maktaba ambayo programu zetu zinategemea. Tulinganishe furushi na kode ya wazi. Na wale wanaozitunza peke yao, tuwasaidie mbele mwizi hajawasaidia.

Uwazi bila macho ni giza. Tufungue macho!