Paka Hanunuliwi Dukani: Funzo la Takoma Park kwa Nyumba za Ghuba

Tangu tarehe 1 Januari 2020 maduka ya wanyama katika jimbo la Maryland, Marekani, hayaruhusiwi kuuza paka wala mbwa. Sheria hiyo ilitiwa saini mwaka 2018, na Maryland ikawa jimbo la pili, baada ya California, kupitisha katazo la namna hiyo. Mwaka 2022 jimbo hilo likapiga marufuku pia kung'oa kucha za paka bila sababu ya tiba.

Tutazame mji mmoja wa Maryland, Takoma Park, uliopakana na Washington. Ni mji ambao hata mkaazi asiye raia hupiga kura katika uchaguzi wa mji. Mkaazi wa hapo akitaka paka, huenda kwenye makao ya wanyama waliookotwa au kuachwa. Kwa miaka mingi ya karibu yamekuwa yale ya Oglethorpe Street, ng'ambo ya mpaka, ya Washington Animal Rescue League, chama kilichoundwa mwaka 1914 na kuungana mwaka 2016 na Washington Humane Society ya tangu 1870. Wilaya ya Montgomery nayo ina kituo chake huko Derwood.

Paka wa makao hutolewa kwa fomu na ada. Ada si bei ya paka. Husaidia gharama za chanjo, kuhasiwa na chipu ya utambulisho. Kisha wilaya inataka kila paka aliyetimiza miezi minne awe na leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Suala la bei lina uzito kwetu, maana katika Sahih Muslim imo hadithi ya Jabir inayokemea thamani ya paka, na wanazuoni wamekhitalifiana juu yake. Mimi nilisoma skuli ya misheni, sina elimu ya kuamua hayo, waulizwe wenyewe.

Ninachokijua ni fomu, kwani ukarani ndio uliokuwa kazi yangu. Fomu za makao mengi huuliza: nyumba ni yako au umepanga? Mwenye nyumba anaruhusu wanyama? Ukihama, paka atakwenda wapi? Zipo lawama, na zina haki: masuali hayo humwelemea mpangaji na mhamiaji kuliko mwenye jumba lake. Hata hivyo, suali la mwisho ndilo la maana kuliko yote, na ndilo tusiloulizana.

Kwetu Unguja halikuhitajika. Paka wa Darajani au Mji Mkongwe alikuwa wa mtaa: leo kichwa cha samaki kwa huyu, kesho mifupa kwa yule. Bibi akifariki au nyumba ikifungwa, mtaa ulibaki, na paka akabaki nao. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi.

Lakini fleti ya ghorofa ya tisa Dubai, Doha au Maskati haina mtaa wa namna hiyo. Paka wa Kiajemi hununuliwa kwa sababu mtoto amelia dukani. Mkataba wa kazi ukimalizika, au familia ikifunga safari ya kiangazi, hutupwa chini kwenye maegesho ya magari, katika joto la digrii 45. Hajui kuwinda, na manyoya yake hayakuumbwa kwa jua hilo.

Serikali zimeanza kuliona jambo hili. Mwaka 2025 Abu Dhabi ilianza kuwasajili paka na mbwa wanaofugwa. Usajili unasaidia kumjua mwenye paka, ila haumpatii paka mlezi wa pili.

Basi fomu ile ya Marekani inafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa: inataka kujua nani atabaki na mnyama mtu akiondoka. Sisi tunaoishi kwa viza na mikataba tunalihitaji suali hilo kuliko watu wa Takoma Park. Kabla ya kumleta paka nyumbani, chukueni karatasi, muandike jina la mtu mmoja aliyekubali kumpokea, na makisio ya gharama za kumsafirisha. Likikosekana jina hilo, mwambieni mtoto asubiri.