Yonathani Hakumwacha Baba Yake

Natoa maoni yangu juu ya jambo tulilobishana bwenini muhula mzima. Je, Mkristo aweza kushikamana na rafiki wa kabila jingine, hali watu wake mwenyewe wanamwambia amwache?

Wenzangu wengi husema haiwezekani, kwani mtu hana pa kurudi ila kwao. Tena humtaja Yonathani kana kwamba alimkana Sauli baba yake. Hawakusoma vizuri. Yonathani alifanya agano na Daudi, akampa joho lake na upanga wake na upinde wake, akamwonya alipotafutwa auawe. Lakini siku ya vita vya Gilboa alikuwa upande wa baba yake, akafa huko. Alikataa jambo moja tu, kuwa mkono wa baba katika kumwua rafiki.

Na hapa kwetu? Mwaka 1991 jeshi la SPLA lilipogawanyika, Wadinka na Wanuer waliingia katika kuuana na kunyang'anyana ng'ombe, wanawake na watoto. Juni 1998 Baraza la Makanisa la Sudan Mpya likawakutanisha machifu wao Lokichoggio, Kenya, na mapema mwaka 1999 watu wa magharibi ya Nile wakakusanyika Wunlit, katika Bahr el Ghazal. Kila upande ulieleza machungu yake, na upande wa pili ukaketi kusikiliza, jambo ambalo sisi hatuliwezi hata katika mdahalo wa Ijumaa. Fahali mweupe akachinjwa, wakaapa kwamba malisho yawe wazi na waliotekwa warudi kwao, na laana ikawekwa juu ya atakayevunja.

Mwenzangu mmoja akacheka: "Fahali wenu alikufa bure." Alikuwa na maana yake, kwani tarehe 15 Desemba 2013 vita vilianza papa hapa Juba, na watu wakauawa kwa ajili ya kabila zao. Usiku ule sikuwa na jibu.

Nimelipata baadaye katika Samweli wa Pili, mlango wa 21. Waisraeli waliwaapia Wagibeoni tangu siku za Yoshua. Miaka mingi ikapita, Sauli akawaua. Kisha zamani za Daudi njaa ikaja miaka mitatu kwa sababu hiyo. Kumbe kiapo kilichovunjwa hakikufutika, kiliendelea kudai. Na katika mlango ule ule, wazao wa Sauli walipotolewa wauawe (nakiri kwamba habari hiyo hunisumbua), Daudi alimwachilia Mefiboshethi, yule kiwete, kwa ajili ya kiapo alichoapa na Yonathani baba yake. Yonathani alikuwa amekwisha kufa zamani.

Basi wasiniambie kwamba Wunlit hainihusu kwa kuwa sikuwa nimezaliwa. Wazee wale waliapa kwa ajili ya watoto wao pia, nami nina miaka kumi na tisa.

Rafiki yangu ni wa upande wa pili. Mwaka jana ng'ombe wa mjomba wangu walichukuliwa, na kaka yangu akaniagiza nihamishe kitanda changu mbali naye. Sikuhama. Lakini nisijisifu: siku tatu nilimpita rafiki yangu bila salamu, kana kwamba ng'ombe wale aliwaswaga yeye. Siku ya nne alinikuta kisimani, akaniuliza mjomba anaendeleaje. Nilimwandikia kaka kumpa pole, na kumwambia kwamba sitahama. Hajanijibu tangu Pasaka, nami naendelea kumwandikia, maana yeye naye ni wangu.

Nanyi wanafunzi wa zamani mliokaa dawati moja kabla ya mwaka 2013, kisha mkatawanyika Kakuma, Uganda na Khartoum, napenda kujua: ni wangapi kati yenu wanajua watoto wa mwenzao wako wapi?

Mdogo wake rafiki yangu ataingia kidato cha kwanza muhula ujao. Baba yao hayuko tena. Nimekwisha kumwomba mkuu wa bweni ampe kitanda kilicho karibu na changu, na chandarua changu cha zamani nimekishona.